Jinsi ya Kuua Timu ya Mabingwa: Mwongozo kwa Wamiliki Wenye Haraka

Kuua timu mbovu hakuhitaji mwongozo. Timu mbovu hujifia yenyewe na hakuna anayekuja matangani. Kazi inayotaka mpango ni kuichukua timu bora kuliko zote nchini, yenye vikombe kabatini na vijana wenye afya, ukaiporomosha hadi mkiani na kuiacha huko miaka saba. Kazi hiyo ilifanyika mjini Philadelphia, Marekani, kati ya 1914 na 1916. Timu ni Philadelphia Athletics, mchezo ni besiboli, na fundi wa kazi yenyewe ni Connie Mack, kocha na mmiliki mwenza wa klabu. Wewe mmiliki unayesoma haya, popote klabu yako ilipo, kaa vizuri. Nitakupitisha hatua kwa hatua, na kila hatua nitakutajia gharama yake na aliyeilipa.

Kwanza, uwe na kitu cha kuua. Athletics walitwaa ubingwa wa American League mwaka 1910, 1911, 1913 na 1914. Mara tatu za mwanzo waliongeza na World Series, ile fainali ya Oktoba inayowakutanisha mabingwa wa ligi mbili kubwa. Walichezea Shibe Park, uwanja uliofunguliwa Aprili 1909, wa kwanza katika mchezo huo kujengwa kwa chuma na zege. Na walikuwa na watu. Katika besiboli mrushaji humrushia mpigaji mpira, mpigaji huupiga kwa gongo kisha hukimbia kuzunguka vituo vitatu na kurudi alipoanzia. Akifika salama, timu yake imepata mkimbio mmoja. Wachezaji wanne wanaolinda eneo la vituo hivyo ndio wanaomnyima mpinzani njia. Wanne wa Philadelphia walikuwa Stuffy McInnis kituo cha kwanza, Eddie Collins cha pili, Frank Baker cha tatu, na Jack Barry katikati ya cha pili na cha tatu. Magazeti yaliwaita safu ya dola 100,000. Baker alipewa jina la Home Run baada ya kuwatwanga nje ya uwanja warushaji wawili wakubwa wa New York, Rube Marquard na Christy Mathewson, katika fainali ya 1911. Na kwa upande wa kurusha walikuwepo Chief Bender, Eddie Plank na Jack Coombs, huyu wa mwisho akiwa ameshinda mechi 31 katika msimu mmoja wa 1910.

Nikiyasoma majina hayo saba kwa pamoja, najawa na furaha ileile ambayo kila mpenzi wa michezo huijua anapoiona timu iliyokamilika. Ndiyo maana naandika kwa uchungu. Vitu vya namna hiyo haviji kila mwaka.

Sasa subiri kisingizio. Usikitafute, kitakuja chenyewe kikiwa kimevaa suti. Kwa Mack kilikuja kwa sura ya ligi ya tatu. Mkataba wa besiboli wa zama zile ulikuwa na kifungu kilichomruhusu mwenye timu kumshikilia mchezaji mwaka baada ya mwaka. Mchezaji hakuweza kwenda kwingine. Aliweza tu kukubali mshahara aliopewa au kurudi nyumbani kulima. Mwaka 1914 matajiri wengine waliifanya Federal League kuwa ligi kubwa ya tatu, wakakipuuza kifungu hicho na kuanza kuwafuata nyota kwa fedha nene. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, mchezaji alikuwa na mtu wa pili wa kuzungumza naye habari za mshahara. Mmiliki anayetaka kuua timu yake huliita jambo hilo usaliti. Mimi naliita haki. Mtu anayejaza uwanja kwa mikono yake ana haki ya kuuliza mikono hiyo ina thamani gani.

Nimtendee haki na Mack. Hakuwa na viwanda wala benki nyuma yake. Riziki yake yote ilikuwa timu. Mwaka 1913 watazamaji wapatao 570,000 waliingia Shibe Park. Mwaka 1914, timu ikiwa bingwa tena, waliingia takriban 346,000. Philadelphia ilikuwa imezoea ushindi, na wengi waliokuwa wakinunua tiketi walikuwa hawana ajira. Mapato yanashuka, mishahara inapanda: hesabu ya namna hiyo inaumiza, na anayemlaumu Mack bila kuitazama hamtendei haki. Namlaumu nikiwa nimeitazama.

Kisha ikaja fainali ya Oktoba 1914. Boston Braves, timu iliyokuwa ikiburuza mkia wa ligi yake katikati ya Julai, iliamka, ikawapita wote na kutua Philadelphia bila hofu. Athletics walifungwa mechi nne mfululizo. Katika mechi hizo zote walipata mikimbio 6 tu. Timu kubwa hufungwa. Huo ndio mchezo. Lakini wewe mwenye haraka zako usiichukulie fainali hiyo kuwa wiki mbaya. Ichukulie kuwa ushahidi kwamba kila mtu kikosini ameshauza moyo wake kwa Federal League, kisha uanze kufagia.

Fagia warushaji kwanza. Kabla mwaka haujaisha, Mack aliwaweka sokoni Bender, Plank na Coombs kwa mpigo. Bender na Plank wakaenda Federal League, Coombs akaenda Brooklyn. Fundi wa kawaida angemwondoa mmoja, akaona matokeo, ndipo akafikiria wa pili. Wewe ondoa watatu, ili wale watakaobaki wakose mzee hata mmoja wa kumuuliza swali. Plank, aliyeonekana amechoka, alishinda mechi 21 msimu uliofuata akiwa St. Louis.

Baada ya hapo muuze aliye bora kabisa. Eddie Collins alikuwa ametoka kutunukiwa kuwa mchezaji bora wa American League wa 1914. Desemba mwaka huohuo aliuzwa kwa Chicago White Sox kwa dola 50,000, fedha ambayo watu wa enzi hiyo waliitaja kwa kunong'ona. Huko Chicago akalipwa dola 15,000 kwa mwaka. Fedha ya kumlipa Collins ilikuwepo Marekani. Haikuwepo mfukoni mwa aliyekuwa naye.

Na akijitokeza mchezaji wa kukuomba nyongeza, shikilia karatasi. Frank Baker alikuwa na mkataba wa miaka mitatu, lakini alipoona wenzake wanavyolipwa baada ya ligi mpya kuingia, aliomba mkataba wake utazamwe upya. Mack akakataa. Baker akabaki shambani kwake Maryland, na msimu mzima wa 1915 mpigaji aliyeongoza American League kwa mipira ya kutoka nje ya uwanja miaka minne mfululizo alicheza katika timu ya mji mdogo wa Upland, Pennsylvania. Mwanzoni mwa 1916 aliuzwa kwa New York Yankees. Kisheria Mack alikuwa sahihi; karatasi ilikuwa na saini. Philadelphia ikabaki na karatasi, New York ikapata Baker.

Hapo utakuwa umefika 1915, na mwanzo wake utakupa matumaini ya uongo. Tarehe 14 Aprili, siku ya ufunguzi, kijana mwembamba aitwaye Herb Pennock aliwarushia Boston Red Sox kwa ustadi mkubwa. Alibakiza mtu mmoja tu kumaliza mechi bila kuruhusu pigo hata moja la kumfikisha mpinzani kituoni. Harry Hooper akalipata pigo hilo dakika ya mwisho, lakini Philadelphia ikashinda 2-0. Mmiliki mwenye huruma angemwangalia kijana huyu wa miaka 21 na kusema: tuna pa kuanzia. Katikati ya msimu uleule Mack alimwachia Pennock aende, tena kwa hao hao Boston, kwa fedha ndogo ya kuachia mchezaji. Jack Barry naye akauzwa Boston mwezi Julai. Mrushaji Bob Shawkey akaenda New York. Timu iliyokuwa imeshinda mechi 99 mwaka 1914 ilimaliza 1915 ikiwa imeshinda 43 na kufungwa 109. Watazamaji walishuka hadi karibu 146,000. Mack aliuza wachezaji kwa sababu mashabiki walikuwa wachache, na alipowauza, mashabiki wakawa wachache zaidi. Hapo ndipo mwongozo huu unapojiendesha wenyewe. Unaweza kwenda kulala.

Ila kuna msimu mmoja ambao lazima uwe macho kuutazama, nao ni 1916. Federal League ilikuwa imekwisha. Ilivunjwa kwa makubaliano ya Desemba 1915, na kile kisingizio cha ligi ya tatu kikaondoka nayo. Wanne wa dola 100,000 walikuwa wamebaki mmoja, McInnis. Kituo cha pili alikuwepo Napoleon Lajoie, mmoja wa wapigaji wakubwa kuliko wote waliowahi kuushika mchezo huu, lakini sasa akiwa na miaka 41. Mahali pa Barry aliwekwa Whitey Witt, kijana aliyetoka shuleni Vermont, ambaye hakuwahi kucheza mechi moja ya ligi ya wakubwa. Alifanya makosa 78 msimu huo. Siandiki hesabu hiyo ili acheke mtu. Mtoto wa shule alikabidhiwa nafasi ya Jack Barry mbele ya watu wanaojua Barry alikuwa akifanya nini pale, na kila mpira uliomponyoka ulimponyoka hadharani.

Na hapa nataka kukaa kidogo na watu wawili ambao vitabu vingi huwapitia kwa kicheko. Jack Nabors wa Alabama alianza mechi, akarusha na kupoteza, akarudi siku nyingine, akarusha na kupoteza. Alimaliza msimu akiwa ameshinda mechi 1 na kupoteza 20, na 19 kati ya hizo alizipoteza mfululizo. Mwenzake, Tom Sheehan, alishinda 1 na kupoteza 16. Wawili hao kwa pamoja: ushindi 2, vipigo 36. Ukitazama namba peke yake utawaona watu wasiojua kazi. Lakini mrushaji katika besiboli hana goli la kulinda peke yake. Anategemea wenzake wadake mpira anaoufanya upigwe vibaya, na anategemea wenzake hao wapige ili apate mikimbio ya kushinda nayo. Nabors alisimama kilimani pa kurushia akiwa na Witt wa shule nyuma yake, akiwa na timu isiyopata mikimbio, mbele ya viti vitupu. Kila baada ya siku chache aliitwa tena, naye alikwenda. Katika msimu ule mzima sioni ujasiri mkubwa kuliko huo. Nabors alifariki mwaka 1923. Sheehan aliishi na mchezo huu maisha yake yote, na mwaka 1960, akiwa na miaka 66, alikabidhiwa San Francisco Giants awe kocha wao.

Kati ya Julai na Agosti walifungwa mechi 20 mfululizo. Ugenini walishinda 13 na kupoteza 64. Mack alikaa kwenye benchi akiwa na suti yake na kola ngumu, akiwaongoza walinzi wake kwa kupunga karatasi ya kuwekea hesabu za mchezo, na hakuwa mtu wa kufoka. Wachezaji wake walimwita Bwana Mack, wakampenda mpaka mwisho. Jambo hilo usilisahau, wewe mwenye klabu: upole wa kocha ulikuwa wa kweli, na haukumpunguzia Nabors kipigo hata kimoja.

Ili mwongozo ukamilike, uache mlango mmoja wazi ili watu waone kilichopotea. Tarehe 26 Agosti 1916, Joe Bush, mrushaji aliyekuwa njiani kupoteza mechi 24 msimu huo, alisimama Shibe Park kuwakabili Cleveland. Mpigaji wa kwanza, Jack Graney, alimpa kituo cha bure kwa kurusha mipira nje ya eneo. Baada ya hapo hakuna mtu wa Cleveland aliyefika kituoni. Hakuna hata mmoja. Philadelphia ilishinda 5-0, na kwa alasiri ile moja timu mbovu kuliko zote ikacheza kana kwamba haijawahi kuuza mtu. Siku hiyohiyo Lajoie alicheza mechi yake ya mwisho katika ligi kuu. Kama ningepewa nafasi ya kuingia uwanjani siku moja tu katika msimu ule, ningechagua hiyo, nikakaa karibu na wale wachache waliolipa tiketi bila kutarajia chochote.

Msimu ulikwisha kwa ushindi 36 na vipigo 117. Boston Red Sox, mabingwa, walikuwa mbele yao kwa mechi 54 na nusu. Lakini Boston si kipimo kizuri, kwa sababu bingwa siku zote yuko mbali. Mtazame aliyekuwa wa saba katika ligi ya timu nane. Washington walishinda 76 na kufungwa 77, wakawa mbele ya Philadelphia kwa mechi 40. Timu saba zilibanana kileleni na katikati, halafu likaja shimo, na chini ya shimo ndiyo Athletics. Ubovu wa kawaida hauchimbi shimo la namna hiyo. Mtu aliondoa sakafu.

Sasa wafuate uliowauza, maana hiyo ndiyo risiti yako. Oktoba ile ya 1916, Boston ya Jack Barry ilikutana fainali na Brooklyn, na mechi pekee ambayo Brooklyn walishinda ilirushwa na Jack Coombs, yule aliyetupwa. Mwaka 1917 Chicago ilitwaa World Series ikiwa na Collins. Mack aliendelea kuuza: Bush, mdakaji Wally Schang na Amos Strunk walikwenda Boston mwishoni mwa 1917 kwa dola 60,000, na McInnis, wa mwisho katika wale wanne, akawafuata mara tu mwaka ulipoanza. Boston ikawa bingwa wa 1918. Kisha New York ikawakusanya. Yankees waliotwaa World Series yao ya kwanza mwaka 1923 walikuwa na Babe Ruth, kila mtu anajua hilo; walikuwa pia na Shawkey, Pennock, Bush na Schang. Na katikati ya uwanja wa nje alikuwepo Whitey Witt, yule mtoto wa makosa 78, sasa mtu mzima aliyewekwa mahali panapomfaa. Shawkey ndiye aliyerusha na kushinda mechi ya kwanza kabisa ya Yankee Stadium, Aprili 1923. Watano hao wote walipita mikononi mwa Mack. Jicho lake la kutambua kipaji lilikuwa kali kuliko la yeyote, na hilo ndilo linaloniuma zaidi: hakukosa watu, aliwaona kabla ya wengine, akawafundisha, akawapa wengine.

Hatua ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote, na bila hiyo mwongozo huu haufanyi kazi. Hakikisha hakuna mtu anayeweza kukufukuza. Kocha mwingine yeyote angeondoka baada ya 1915. Mack alikuwa na hisa, kwa hiyo kocha alipoharibu, mmiliki hakumwita ofisini, kwa sababu ofisini alikuwa amekaa kocha. Athletics walikuwa wa mwisho mwaka 1915, 1916, 1917, 1918, 1919, 1920 na 1921. Mack alijenga timu nyingine kubwa, akatwaa World Series ya 1929 na 1930, kisha miaka ya mdororo wa uchumi ilipobana, kuanzia 1932, akaiuza na hiyo kipande kwa kipande. Alibaki kocha hadi 1950, akiwa na miaka 87. Hakuna kocha aliyeshinda mechi nyingi kuliko yeye katika ligi kuu, 3,731, na hakuna aliyefungwa nyingi kuliko yeye, 3,948.

Wapo waliokuja kufungwa mechi nyingi kuliko Athletics wa 1916: mwaka 1962 New York Mets walifungwa 120, na mwaka 2024 Chicago White Sox wakafungwa 121, lakini katika misimu hiyo mirefu ya sasa Mets waliambulia ushindi 40 na White Sox 41. Ukigawa ushindi kwa idadi ya mechi, tangu American League ianze mwaka 1901 hakuna timu ya zile ligi mbili kubwa iliyoshuka chini ya 0.235 ya Philadelphia ya 1916.